Dadu Ilikuja Sita

Ilikuja sita.

Nilikuwa nimeirusha ile dadu mezani kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika pochi, nyuma yangu foleni imeshuka ngazi mpaka barabarani, na jamaa wa mlangoni akaitangaza kwa sauti kubwa utadhani nimeshinda bahati nasibu. Maana yake dola 15. Kiingilio cha ile shoo ya maigizo kilikuwa dola 9, unajumlisha na namba utakayorusha mwenyewe, basi, anayepata moja analipa 10, anayepata sita analipa 15, hamna kubembelezana. Mdogo wangu niliyekuja naye akarusha ya kwake, ikaja moja. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Namwita mdogo wangu ila kwao ni Bukavu, tumejuana hukuhuku Chicago, tunakaa jengo moja Rogers Park, na yeye anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula. Ijumaa ile alikuwa ofu. Mimi ndo nilimbeba, yeye alitaka kulala.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Septemba. Sasa Novemba 2016 inaisha na ile dadu bado inagonga kichwani. Nimeanza kuandika hii makala mara tatu nikafuta mara tatu. Sio kwamba shoo ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri sana, na hapo ndo tatizo langu lilipoanzia.

## Michezo 30, dakika 60

Shoo ilikuwa inaitwa Too Much Light Makes the Baby Go Blind, ya kikundi kinaitwa Neo-Futurists, aliianzisha Greg Allen Desemba 1988 na ilichezwa kila wikiendi kwa zaidi ya miaka 25. Ukumbi wao uko ghorofani mtaa wa Andersonville, chini yake palikuwa na ofisi ya watu wa mazishi. Unapanda ngazi usiku saa tano unajua kabisa chini yako palikuwa na shughuli gani.

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Unapewa karatasi, wao wanaiita menyu, ina majina ya michezo mifupi ya kuigiza 30 na kila mmoja na namba yake. Juu ya jukwaa imefungwa kamba kama ya kuanikia nguo na kuna karatasi 30 zimening'inia, moja hadi 30. Taima inawashwa, dakika 60, na kuanzia hapo kila mchezo ukiisha watazamaji wote wanapiga kelele namba wanayoitaka, saba! kumi na tisa! nne!, na mwigizaji anaruka anaichomoa ile aliyoisikia kwanza, mchezo unaanza palepale. Mwingine dakika nne. Mwingine sekunde 20. Taima ikilia na michezo mitatu bado iko kwenye kamba, ndo imetoka hiyo, hamtaiona. Na kila wiki dadu inarushwa tena kuamua michezo mingapi iondolewe na mipya iandikwe, kwa hiyo hawa watu wanaandika usiku na mchana. Wao ndo waandishi, wao ndo waongozaji, wao ndo waigizaji, na nilivyoona mwenyewe hata kufagia ni wao.

Afu kuna jambo la majina. Kabla hujaingia unaulizwa jina lako ili uandikiwe kwenye kile kikaratasi cha kubandika kifuani. Anayeandika ana hedifoni masikioni, muziki juu, hasikii kitu. Anaandika anachojisikia. Mzungu mbele yangu alisema John, akaandikiwa Jupiter. Mimi nikaandikiwa Marina.

Nina miaka tisa nchi hii na jina langu linaharibiwa kila siku, benki, kliniki, kazini, nimeshazoea, nilishaacha hata kusahihisha. Usiku ule kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye chumba ambacho kila mtu jina lake limeharibiwa. Nilijisikia nipo sawa na wote. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo.

Na kitu cha mwisho kuhusu hawa jamaa, ambacho ndo moyo wa kazi yao: hawaigizi kuwa watu wengine. Mwigizaji haji kukwambia yeye ni mfalme au mganga au mama mkwe. Ni yeye, kwa jina lake, yuko hapo ukumbini kwao Ashland Avenue, usiku huo, na anachokifanya anakifanya kweli. Akisema amechoka, amechoka.

## Bakuli

Namba kumi na saba.

Aliichomoa kijana mmoja mwembamba ana soksi za rangi mbili tofauti. Akaweka sakafuni bakuli la bati, yale meupe yenye ukingo wa bluu, hili ukingo wake umebanduka upande mmoja mpaka kutu inaonekana. Akawaomba waliorusha sita wasimame. Tukasimama, labda watu 20 hivi. Akatutazama mmojammoja, akasema asante, tukakaa. Akawaomba waliorusha moja wasimame. Mdogo wangu akasimama, sasa hivi hacheki. Akawatazama vilevile, akawaambia asante kwa sauti ileile, wakakaa.

Afu akachuchumaa na mfuko wa sarafu za senti 25. Akasema kila sarafu ni saa moja aliyofanya kazi ya shoo hii wiki hii, kuandika, mazoezi, kubeba viti. Akaanza kuziangusha kwenye bakuli, mojamoja.

Kling.

Anasubiri. Kling.

Mtu alicheka ya tatu. Ya kumi hakucheka mtu. Nilihesabu 31. Ya mwisho ilizunguka kwenye ukingo pale palipobanduka, ikalala. Kijana akasimama, akasema ile neno lao la kufunga mchezo, na ukumbi ukalipuka namba, ishirini na mbili! tano!, na mchezo mwingine ukaanza.

Bakuli lilibaki palepale. Michezo mingine kama kumi ilipita kandokando yake. Mmoja wakati anakimbia alilipiga teke, sarafu zikamwagika mpaka chini ya viti vya mbele, na hakuna aliyeziokota, sio wao, sio sisi.

Mdogo wangu akaniinamia, akaninong'oneza, "Yaya, uyu banamulipaka ngapi?" Yaani huyu wanamlipa kiasi gani.

Sikujua.

Shoo ilivyoisha tukaenda kusubiri basi namba 22 pale Clark. Baridi ya kwanza ya mwaka. Amekaa kimya muda mrefu afu akasema, "Lakini hakutuambia tufanye nini." Hakulalamika, alisema tu kama mtu anayetaja kitu kilichosahaulika mezani.

Na mimi nikagundua muda wote nilikuwa nasubiri kitu kilekile. Nilikuwa nasubiri ujumbe.

## Kilosa

Waliowahi kuwa kwenye vikundi vya sanaa nyumbani miaka ile ya 2000 wameshanielewa.

Mimi niliigiza miaka minne kwenye kikundi kimoja Morogoro. Watu saba, ngoma mbili, turubai moja, na nguo tulizokuwa tunaazima kwa mama zetu. Tulikuwa tunatembea vijijini na michezo ya Ukimwi, chandarua, choo bora, kunawa mikono. Tunapiga ngoma kuita watu, tunacheza chini ya mwembe, tunamaliza, mwezeshaji anauliza, "Haya, tumejifunza nini?" Watoto wanajibu kwa pamoja. Fomu inajazwa: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Posho elfu tano kwa siku.

Siidharau hata kidogo ile kazi. Kuna watu walikwenda kupima kwa sababu yetu, niliwaona kwa macho yangu.

Ila kuna mchezo mmoja. Tuliutunga wenyewe, 2004, kuhusu mjane ambaye shemeji anataka kumrithi. Katika mchezo wetu mjane alikataa, akafunga mzigo wake usiku akaondoka. Mimi ndo nilikuwa mjane. Shirika lililokuwa linatufadhili likasoma skripti likasema mwisho haufai, haujengi, walengwa watabaki na huzuni. Tukapewa mwisho mwingine: ukoo mzima unaenda kupima, mjane na shemeji na bibi na kila mtu, wanarudi wanaimba. Tukaubadilisha bila ubishi. Kusema kweli tulifurahi kwamba bajeti imepita.

Tukaupeleka kijiji kimoja cha Kilosa. Watu wengi, makofi mengi. Baadaye nakunja turubai, bibi mmoja akanijia. Alikuwa amejifunga khanga mbili, moja kichwani, na mkononi ana jembe, maana alikuwa anatoka shamba akasikia ngoma. Akaniuliza taratibu kabisa:

"Mwanangu, yule mjane, baada ya kupima, shamba alibaki nalo?"

Nilimwambia bibi, cha muhimu ni kujua afya yako.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akasema haya mwanangu, mmefanya vizuri. Akaondoka na jembe lake. Kwenye fomu yeye ni moja kati ya wanawake mia na kitu, na swali lake halikuwa na kisanduku.

Miaka 12 imepita. Sarafu ya 31 ilivyolala kwenye lile bakuli nilimwona yule bibi vizuri kuliko nilivyomwona siku ile.

## Shilingi 200

Sasa kuna kitu nilikuwa nimekisahau kabisa na kimerudi kwenye basi wiki mbili baada ya shoo.

Mwaka uleule wa 2004 kulikuwa na miezi mitatu hamna mradi. Hamna mradi hamna posho. Tukakodi ukumbi wa nyuma ya baa moja mjini Morogoro, elfu tano kwa usiku, tukaandaa vichekesho vitano vifupifupi na katikati yake tukauchomeka ule mchezo wa mjane, tumeufupisha kuwa dakika kumi, na mwisho tumerudisha ule wa kwetu, anafunga mzigo anaondoka. Kiingilio shilingi 200. Bei ya soda.

Walikuja watu 41. Najua idadi kwa sababu mimi ndo nilikuwa mlangoni na kopo la Blue Band la kuwekea hela.

Nimefunga mzigo, naondoka jukwaani, kimya, nafikiri nimewamaliza. Fundi baiskeli mmoja akasimama. Mikono yake ina grisi bado. Akasema kwa sauti, "Hapana. Hakuna mwanamke atakayemwachia shemeji shamba kirahisi hivyo. Mmetudanganya. Nirudishieni mia mbili yangu."

Watu wakacheka, afu wakaacha kucheka, afu wakaanza kubishana. Mama mmoja akasema dada yake aliondoka hivyohivyo. Mwingine akasema aliondoka kwa sababu hakuwa na mtoto wa kiume. Fundi akasema hata kama, angeenda kwa mtendaji. Mtu akauliza mtendaji yupi, huyu wetu? Ilikwenda hivyo karibu nusu saa, sisi waigizaji tumesimama tu pale, nimeshika mzigo wangu wa nguo kifuani kama mjinga... hapana, kama mtu anayefundishwa.

Usiku uliofuata mjane hakuondoka. Alikwenda kwa mtendaji, akazungushwa, akarudi, na mchezo uliishia amekaa mpakani mwa shamba na jembe, shemeji anakuja kwa mbali. Hatukuonyesha kitatokea nini. Fundi alirudi, akalipa mia mbili nyingine, akakaa mbele. Mara hii hakusema kitu, alipiga makofi mawili tu, makubwa.

Ule ndo mchezo bora tuliowahi kufanya. Nasema hivyo leo nikiwa na akili timamu.

Na ile mia mbili ndo iliyompa fundi mdomo. Bibi wa Kilosa hakulipa kitu, tulimletea bure, tena kwa gari, kwa hiyo alichoweza kutuambia ni asante. Swali lake alilileta pembeni, kwa kunong'ona, kwa mtu anayekunja turubai.

## Nani mwenye mchezo

Hii sanaa ya usiku wa bei nafuu, kumbi ndogo, michezo mifupi, huku wanaiita fringe, yaani ya pembeni, na jina limetoka Edinburgh, Scotland. Mwaka 1947 kulianzishwa tamasha kubwa pale, na vikundi 8 ambavyo havikualikwa vikaja hivyohivyo, vikatafuta kumbi zao, vikacheza. Mimi nikisoma hiyo habari sioni uasi sana. Naona watu wasio na mtu wa juu yao wa kuwaambia mwisho haufai. Mlango, yaani watu wanaolipa kuingia, ndo uliokuwa unawajibu.

Na sisi tulikuwa nacho hiki kitu bila kwenda Edinburgh. Malya kule Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 80, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akina Penina Mlama walipokwenda kufanya sanaa na wanakijiji, mpango ulikuwa wanakijiji wenyewe waseme tatizo lao ni lipi ndo mchezo utokee hapo. Hawakwenda na tatizo mkobani. Kamiriithu, kijiji cha Limuru, Kenya, 1977, watu walijenga jukwaa kwa mikono yao na mazoezini wakawa wanawasahihisha waandishi, akina Ngũgĩ wa Thiong'o, lugha siyo hivyo, kibarua hasemi hivyo. Serikali iliona hatari iko wapi, ikafuta kibali Novemba mwaka huohuo.

Sanaa kwa maendeleo, hii ya kupeleka michezo vijijini, ilianza na yule bibi akiwa ndani ya mchezo. Katikati hapo fomu ikaja na bibi akawa mlengwa.

## Ninapokwama

Ningependa makala iishie hapo juu maana inasikika vizuri. Ila sio kweli yote.

Watu 41 mara 200 ni 8,200. Toa ukumbi elfu tano, inabaki 3,200. Gawa kwa saba. Mia nne na hamsini na chenji kidogo kila mtu, kwa usiku mzima, na wawili kati yetu walikuwa na watoto. Tulicheza wiki mbili, mradi mpya ukatoka, tukarudi kwenye posho siku hiyohiyo na hakuna aliyeleta hoja. Mimi pia sikuleta.

Na yule bibi wa Kilosa, hiyo mia mbili angeitoa wapi? Na angeitoa, angeileta kwetu badala ya kununua chumvi? Tungesema mlango ndo uamue, vijiji vyote vile tusingefika, na wale walioenda kupima wasingeenda. Hili silijibu haraka. Nimeligeuza kila upande.

Hata Chicago. Kima cha chini cha mshahara hapa kuanzia Julai 2016 kilikuwa dola 10 na senti 50 kwa saa. Kwa hiyo mdogo wangu na ile moja yake alilipa karibu saa nzima ya kiwandani, mimi na sita yangu karibu saa moja na nusu. Walisema ni bei nafuu na ni kweli, sinema ilikuwa inakaribia hapohapo na kumbi kubwa za katikati ya mji usiguse. Ila niliangalia ukumbi ule. Kutoka Rogers Park ni dakika chache tu kwa basi, Rogers Park imejaa Wakongo, Waswahili, watu wa kila nchi, na ndani ya ukumbi weusi nilihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sidhani kama ni bei. Nafikiri hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba namba ukipiga kelele wewe, itachomolewa.

Maana mdogo wangu alipiga kelele. Mara ya kwanza kwa woga, afu kama mchezo wa nane akasimama kabisa, "Ishirini na sita!", kwa Kiswahili, akasahau. Mwigizaji hakuelewa. Mdogo wangu akamwonyesha vidole. Jamaa akaichomoa.

Na yule kijana wa sarafu, ndiyo, alikuwa huru kuweka mwisho anaoutaka, hakuna ofisa aliyemfutia. Lakini sarafu 31 zilimwagika na hatukuziokota. Najiuliza uhuru wake na mia nne na hamsini yangu vimeachana wapi. Asubuhi anauza kahawa ili usiku awe huru. Mimi niliuza mwisho wa mchezo ili nile.

Sijui kama kuna njia ya tatu. Nimeacha kujifanya najua.

## Vois noti

Juzi nilimtafuta mwenzangu mmoja wa kile kikundi, yule aliyekuwa anacheza shemeji. Yuko Morogoro bado, ana duka la vipuri vya pikipiki, amenenepa, sauti ni ileile. Nikamweleza habari ya dadu, kamba na bakuli, vois noti ya dakika 11, nikajua hatasikiliza yote.

Alisikiliza yote. Akajibu kwamba dadu za ludo zipo hata dukani kwake. Kiingilio, anasema, iwe mia tano unajumlisha mia kwa kila nukta, yaani kuanzia mia sita hadi 1,100, hapo hata dereva bodaboda anaingia. Ukumbi ule wa nyuma ya baa umekuwa gereji, ila kuna darasa la tuisheni linakaa tupu jioni. Michezo 30 ni mingi, tuanze na 10. Na wa mjane lazima uwepo. Akauliza narudi lini, nikamwambia tiketi yangu ni Juni.

Afu akaniuliza, je mtu akisimama kama yule fundi, akadai hela yake?

Nikamwambia arudishiwe.

Simu ikakaa kimya. Nikaona anarekodi, ameacha, anarekodi tena. Vois noti ikaingia, ya sekunde nne.

"Sawa. Kopo la Blue Band utakaa nalo wewe."